Ephraim Amu (1899–1995): Mwalimu Aliyeifungulia Ngoma Mlango wa Kanisa

Kitabu cha jubilei ya miaka mia moja ya usharika hakikamiliki bila sura ya waimbaji. Wachungaji huja na kuhamishwa, majengo hubomolewa na kujengwa upya, lakini uimbaji huendelea Jumapili hata Jumapili. Ndani ya uimbaji huo limekuwamo swali ambalo Wakristo wa Afrika wameliuliza tangu kizazi cha kwanza cha waliobatizwa: je, ngoma na nyimbo za wazee, ambazo kwazo watu waliozana, wakalima, wakavuna na kuzikana, zina mahali katika ibada, au mtu akiisha kubatizwa yampasa kuziacha nje ya mlango?

Katika nchi inayoitwa leo Ghana aliishi mwalimu aliyelijibu swali hilo kwa maisha yake, akapoteza kazi kwa ajili ya jibu lake, na hatimaye akaheshimiwa na taifa zima kwa sababu ya jibu lile lile. Huyo ni Ephraim Amu. Hakuwa Mlutheri, alikuwa Mpresbiteri. Hata hivyo Ukristo alioukuta nyumbani kwao uliletwa na wamisionari wa Bremen na wa Basel, watu wa uamsho ule ule uliowatuma wamisionari wa Berlin, Betheli na Leipzig kuja Tanganyika. Tenzi walizozileta zilitoka katika chemchemi moja, na maonyo yao juu ya ngoma yalifanana. Ndiyo maana habari za mtu huyu wa mbali zina mafundisho kwa usharika wa Kilutheri wa Afrika Mashariki unapotazama nyuma katika karne yake ya kwanza.

Kuzaliwa na Malezi

Ephraim Amu alizaliwa tarehe 13 Septemba 1899 huko Peki-Avetile, katika nchi ya Waewe mashariki ya mto Volta. Wakati huo nchi hiyo ilikuwa sehemu ya koloni la Waingereza lililoitwa Gold Coast, yaani Pwani ya Dhahabu. Baba yake alikuwa fundi wa kuchonga mbao. Peki ndipo mahali ambapo Misioni ya Bremen ilianza kazi yake miongoni mwa Waewe mwaka 1847, hivyo mtoto huyu alizaliwa katika mji uliokwisha kuisikia Injili kwa zaidi ya miaka 50.

Maisha ya Wakristo wa siku zile yalikuwa na mipaka iliyoonekana kwa macho. Mahali pengi katika Pwani ya Dhahabu waongofu walihamia katika mtaa wao wenyewe kando ya mji, na katika nchi iliyohudumiwa na Misioni ya Basel mtaa huo uliitwa Salem. Huko walijenga nyumba zao, shule yao na kanisa lao. Ng'ambo ya mpaka ule ilibaki ngoma. Kanisa liliihesabu ngoma kuwa mali ya matambiko na mizimu, na Mkristo aliyeonekana akicheza ngoma ya mji aliweza kuitwa mbele ya wazee na kutiwa chini ya adabu ya kanisa.

Haifai kuwahukumu watu wale upesi. Wakristo wa kwanza walikuwa wachache, nao walikuwa wametoka katika maisha ambamo ngoma fulani zilifungamana kweli na miungu ya mahali. Waliogopa kurudi walikotoka. Tena wamisionari waliwaletea mambo mema ambayo hayawezi kusahauliwa: waliziandika lugha za nchi, wakatafsiri Biblia, wakafungua shule, wakafundisha kuimba kwa sauti nne. Lakini pamoja na mema hayo mtoto wa Kikristo alijifunza jambo lingine bila kuambiwa kwa maneno. Alijifunza kwamba kilichotoka ng'ambo ya bahari ni kitakatifu, na kilichotoka kwa babu yake ni cha aibu.

Ephraim aliupenda muziki wa kanisa kwa moyo wote. Alipokuwa mwanafunzi katika shule ya misioni hapo Peki alivutwa mno na sauti ya kinanda, akamwomba mwalimu wake amfundishe kukipiga. Hakuwa na fedha ya kulipia mafunzo hayo, basi akayalipa kwa jasho lake kwa kufanya kazi katika shamba la mwalimu. Hapo ndipo zilipoonekana tabia mbili alizokuwa nazo hadi mwisho wa maisha yake: kiu ya elimu ya muziki, na kutoionea haya kazi ya mikono.

Mwalimu na Kinanda Chake

Mwaka 1916 aliingia katika chuo cha Misioni ya Basel cha kuwaandaa walimu na makatekista, akakaa huko miaka 4. Ilikuwa miaka ya vita kuu ya kwanza. Serikali ya Waingereza iliwafukuza wamisionari wa Basel na wa Bremen, na kanisa likaendelea mikononi mwa wachungaji na walimu Waafrika wakisaidiwa na Kanisa la Scotland. Sharika za Kilutheri za Tanganyika zilipitia jambo kama hilo katika miaka hiyo hiyo, wamisionari wa Kijerumani walipoondolewa na walimu wazalendo wakashika kazi.

Amu alianza kufundisha Peki mwaka 1920. Alipopata nafasi alisafiri hadi Koforidua kununua kinanda kidogo cha kukunjwa. Gari lilimfikisha sehemu ya njia tu. Safari iliyobaki aliifanya kwa miguu, usiku kucha, kinanda kikiwa kichwani, ili awahi kazi yake ya ualimu. Mzigo ule ulikuwa chombo cha Ulaya, naye aliubeba kwa furaha. Jambo hilo likumbukwe na kila asomaye habari zake, maana baadaye wako waliodhani kwamba Amu aliuchukia muziki wa Ulaya. Hakuuchukia hata siku moja.

Katika miaka hiyo alijifunza kanuni za utunzi na upatanifu wa sauti kwa Mchungaji Allotey-Pappoe, Mmethodisti aliyekuwa akihudumu Peki. Akaanza kutunga. Tungo zake za kwanza zilifuata njia ya tenzi alizolelewa nazo.

Akropong na Kugeuka kwa Njia

Mwaka 1926 Amu alihamishiwa Akropong, katika chuo cha ualimu cha Wapresbiteri, chuo kikongwe na cha heshima kuliko vyote vya kanisa lile. Huko alifundisha muziki, lugha ya Kitwi na kilimo cha bustani. Yeye mwenyewe alikuwa Mwewe, lakini sasa aliishi miongoni mwa Waakani na kufanya kazi kwa lugha yao. Pengine kuwa mgeni kulimsaidia kusikia mambo ambayo wenyeji walikwisha kuyazoea.

Aliposikiliza tenzi zikiimbwa kanisani kwa Kitwi na kwa Kiewe, alitambua kwamba kuna jambo halikai sawa. Lugha hizo ni za toni. Maana ya neno hutegemea kupanda na kushuka kwa sauti ya msemaji. Katika Kitwi neno moja, papa, laweza kuwa jema, au baba, au kipepeo cha mkononi, kwa jinsi linavyotamkwa juu au chini. Wafasiri wa tenzi walikuwa wamechukua mahadhi ya Kijerumani na ya Kiingereza na kuyavika maneno ya Kiafrika bila kuliangalia hilo. Mahadhi yalipanda pale neno lilipotaka kushuka, na kushuka pale lilipotaka kupanda. Waimbaji waliimba kwa bidii, lakini maneno yalivunjika vinywani mwao. Mgeni wa kanisa aliyesimama nje asingeweza kuelewa kinachosemwa, ingawa ilikuwa lugha ya mama yake.

Msemaji wa Kiswahili aweza kulielewa jambo hilo kwa mfano ulio karibu. Kiswahili si lugha ya toni, lakini kina mkazo wake, ambao kwa kawaida hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho. Barabara ya kupitia magari hutofautiana na kufanya kazi barabara kwa mahali mkazo ulipo tu. Muziki ukiuhamisha mkazo huo, sikio la mwenye lugha huumia, hata kama hawezi kueleza sababu. Kwa Kiewe na Kitwi, na vile vile kwa Kihaya, Kichaga au Kinyaturu, hasara ni kubwa zaidi, kwa sababu toni ni sehemu ya neno lenyewe.

Amu akaona pia kwamba mdundo umepotea. Nyimbo za wazee zilikuwa na mapigo yaliyoingiliana, mkono mmoja ukijibu mwingine, kengele ya chuma ikishika njia na ngoma zikizungumza juu yake. Katika tenzi mapigo hayo yote yalikuwa yamenyoshwa kuwa hatua moja.

Alichofanya baada ya hapo kilihitaji unyenyekevu mwingi kwa mwalimu wa chuo. Aligeuka kuwa mwanafunzi. Alikusanya nyimbo za wenyeji, akawasikiliza waimbaji na wapiga ngoma, watu ambao kanisa lilikuwa limewaweka nje ya mpaka wake, akajifunza kwao. Kisha akaanza kutunga upya. Maneno yalitangulia; mahadhi yakafuata toni ya maneno; mdundo ukatoka katika ngoma. Juu ya msingi huo aliweka sauti nne alizojifunza katika kinanda. Muziki uliozaliwa hivyo ulikuwa mpya, lakini kila mzee wa kijiji aliyeusikia aliutambua kuwa ni wake.

Mwaka 1929 alitunga wimbo uliokuja kujulikana kuliko vyote, Yen Ara Asaase Ni. Siku zile watoto wa shule waliimba wimbo wa mfalme wa Uingereza katika sikukuu ya Dola, na Amu aliwapa wimbo wa nchi yao wenyewe. Wimbo huo wafundisha kwamba nchi ni urithi ulionunuliwa kwa damu ya mababu, kwamba sasa ni zamu ya kizazi kilichopo kuuendeleza, na kwamba majivuno ya elimu, ulaghai na ubinafsi huiharibu nchi. Tangu hapo umetafsiriwa katika lugha nyingi za Ghana. Umekuwa kama wimbo wa pili wa taifa, ukiimbwa katika misiba na sherehe za nchi, ingawa haukuwekwa rasmi mahali hapo. Mwaka 1932 kitabu chake cha nyimbo 25 za Kiafrika kilichapishwa London.

Vazi, Ngoma na Hukumu ya Sinodi

Badiliko lililoanza katika muziki halikuishia katika muziki. Amu alijiuliza kwa nini Mkristo avae koti zito na tai katika joto la nchi yake ili ahesabiwe kuwa mstaarabu. Akaanza kuvaa kitambaa cha wenyeji, kile kinachozungushwa mwilini na kutupwa begani, kama wazee wa Afrika Mashariki wanavyojitanda lubega. Ndilo vazi la heshima walilovaa machifu na wazee katika mabaraza. Chuoni aliwafundisha wanafunzi ngoma na filimbi za mwanzi.

Watu wengi katika kanisa walikwazika. Mwalimu wa chuo cha kanisa alitazamiwa kuwa kielelezo cha yale ambayo elimu na Ukristo humfanyia mtu, na kielelezo hicho kilikuwa na suti. Mwaka 1931 Amu aliongoza ibada akiwa amevaa kitambaa, na malalamiko yakafika kwa viongozi wa Sinodi. Waliolalamika hawakuwa wageni peke yao. Wachungaji na wazee Waafrika walikuwa miongoni mwao, na huenda wao ndio waliohisi uchungu zaidi, maana wazazi wao walikuwa wametengwa na jamaa zao ili kuyaacha mambo yale yale ambayo mwalimu huyu sasa aliyarudisha mbele ya madhabahu.

Amu aliitwa akaulizwa. Angeweza kutubu kwa maneno machache na kubaki na kazi yake, nyumba yake na heshima yake. Hakuona dhambi ya kutubia. Kwake yeye, Mungu aliyewaumba Waewe na Waakani aliziumba pia lugha zao zenye toni na mikono yao ijuayo mapigo. Kuziona karama hizo kuwa najisi ni kumlaumu aliyezitoa. Alikuwa tayari kuondoa katika desturi za wazee kile kilichopingana na Injili. Hakuwa tayari kukubali kwamba Uafrika wenyewe wapingana na Injili. Mwishoni mwa mwaka 1933 kazi yake Akropong ikakomeshwa.

Adhabu hiyo ingeweza kumfanya aliache kanisa. Katika siku zile yalikuwapo makanisa mengi mapya yaliyoanzishwa na Waafrika, ambayo yangempokea kwa mikono miwili. Amu hakujitenga. Aliendelea kuwa Mkristo wa kanisa lililomlea, akiendelea kulitungia nyimbo hata lilipokuwa halijawa tayari kuziimba.

Achimota na London

Mwaka 1934 alipokewa kuwa mwalimu katika Chuo cha Achimota karibu na Accra, chuo cha serikali kilichokuwa kimejitangaza kuheshimu mambo mema ya Afrika pamoja na ya Ulaya. Huko ngoma na nyimbo za makabila zilikuwa na nafasi katika mafundisho. Hasa aliiendeleza atenteben, filimbi ya mwanzi ya Waakani. Aliitengeneza na kuitafutia nafasi katika shule, vijana wakaipiga kwa makundi, wakisoma noti kama wapigavyo vyombo vya Ulaya. Kutoka hapo atenteben ilienea katika shule nyingi za nchi, na hata leo ni mojawapo ya ala zinazotambulisha muziki wa Ghana.

Mwaka 1937 alikwenda London kusoma katika Royal College of Music, akabaki huko hadi mwaka 1940, katika siku za mwanzo za vita kuu ya pili. Mtu aliyefukuzwa kwa ajili ya kupenda vya kwao sasa alikaa miguuni pa walimu wa Ulaya na kujifunza elimu yao ya juu ya utunzi. Elimu hiyo haikumgeuza. Alirudi nyumbani mwaka 1941 akiwa na zana bora za kufanya kazi aliyokuwa amekwisha kuianza, na tungo zake za baadaye zaonyesha ufundi uliokomaa, sauti zikifukuzana na kujibizana kwa ustadi, huku kila neno likibaki na toni yake.

Heshima ya Uzee

Mafunzo ya muziki aliyoyasimamia Achimota yalihamishiwa baadaye katika chuo cha Kumasi, naye akaenda pamoja nayo. Walimu waliofunzwa hapo walitawanyika katika shule za nchi nzima, na kwa njia hiyo nyimbo zake zilifika mahali ambapo yeye mwenyewe hakufika. Ghana ilipata uhuru tarehe 6 Machi 1957. Amu alistaafu mwaka 1960, lakini mapumziko hayakuwa marefu. Mwaka 1962 aliitwa Chuo Kikuu cha Ghana, Legon, akafundisha hadi mwaka 1971, alipokuwa na umri wa zaidi ya miaka 70. Mwaka 1965 chuo hicho kilimtunuku shahada ya heshima ya udaktari.

Miongoni mwa waliofuata nyayo zake yupo Kwabena Nketia, aliyezaliwa mwaka 1921 na kufariki mwaka 2019. Nketia alisoma Akropong baada ya Amu kuondolewa, akazikuta nyimbo zake zikiendelea kuimbwa katika chuo kilichomfukuza mtunzi wake. Alikuja kuwa mmoja wa wanazuoni wakubwa wa muziki wa Afrika duniani. Hivyo hukumu ya mwaka 1933 ilimwondoa mwalimu, lakini haikuweza kuyaondoa mafundisho yake.

Kanisa nalo lilibadilika pole pole. Vizazi vilivyofuata havikuona tena katika ngoma hofu waliyoiona babu zao. Leo katika makanisa ya Kipresbiteri ya Ghana ngoma hupigwa wakati wa kutoa sadaka na wakati wa sifa, na vitambaa vya kente huonekana katika ibada bila mtu yeyote kuitwa mbele ya baraza.

Ephraim Amu alifariki tarehe 2 Januari 1995, akiwa na umri wa miaka 95. Mwaka 2002 Benki ya Ghana ilitoa noti ya sedi 20,000 yenye sura yake, nayo ikatumika hadi fedha ya nchi hiyo ilipobadilishwa mwaka 2007. Mtoto wa fundi mchongaji, aliyelipia masomo ya kinanda kwa kazi ya shamba, alipata kupita mikononi mwa kila muuza samaki na kila mkulima wa taifa lake.

Mafundisho kwa Sharika za Kilutheri

Kitabu cha nyimbo Mwimbieni Bwana ni hazina ya sharika za Kilutheri Tanzania, na hakuna anayetaka kuipoteza. Wazee wengi wameaga dunia wakiwa na tenzi zake midomoni. Lakini mahadhi yake mengi yalizaliwa Ujerumani na katika nchi nyingine za Ulaya, na mengi kati ya hayo yalikuwa katika siku zake muziki wa watu wa huko. Martin Luther aliwapa Wajerumani nyimbo kwa lugha yao na kwa mahadhi yaliyokaa vizuri katika masikio yao, ili mkulima na mtumishi wa nyumbani waweze kumwimbia Mungu wakielewa. Yeyote anayetaka kuwa mwaminifu kwa Luther hana budi kufanya katika Afrika jambo lile alilolifanya yeye Ujerumani. Amu, ambaye hakuwa Mlutheri, alilifanya.

Katika Tanzania kazi ya namna hiyo ilipata nguvu katika miaka ya 1960, muda mfupi baada ya makanisa saba kuungana mwaka 1963 na kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri. Katika chuo cha theolojia cha Makumira, Howard Olson, mmisionari Mmarekani aliyekuwa amechunguza toni za Kinyaturu, aliwahimiza wanafunzi wake watunge nyimbo za ibada kwa mahadhi ya makabila yao. Mkusanyo wa nyimbo hizo, Tumshangilie Mungu, ulitolewa mwaka 1968. Mmoja wa wanafunzi wale, Bernard Kyamanywa, alikuwa ameandika mwaka 1966 wimbo wa Pasaka, Mfurahini, Haleluya, wenye mahadhi ya Kihaya. Wimbo huo ulivuka bahari. Upo katika kitabu cha nyimbo cha makanisa ya Kiinjili ya Ujerumani, namba 116, na Wajerumani huimba ufufuko wa Bwana kwa mahadhi yaliyotoka kando ya Ziwa Victoria. Kanisa lililopeleka nyimbo limepokea wimbo. Hayo yasingetukia kama Wahaya wangekuwa wameyaacha mahadhi yao nje ya mlango.

Habari za Amu zaonyesha pia kwamba jambo hili lina gharama na lina kazi. Halitoshelezwi kwa kuingiza ngoma moja katika sikukuu ya mavuno na kuiondoa Jumapili inayofuata, wala kwa kuchukua maneno ya Biblia na kuyafunga kwa haraka katika mdundo wowote unaovuma redioni. Amu alikaa na wapiga ngoma hadi akawaelewa. Alichunguza lugha hadi akajua kila neno linataka kwenda wapi. Alijifunza pia elimu ya Ulaya hadi kiwango cha juu, ili asiikatae kwa sababu ya kutoijua wala kuiabudu kwa sababu hiyo hiyo. Mwalimu wa kwaya anayetaka kufuata njia yake ana shule ndefu mbele yake.

Shule hiyo ina walimu ambao hawatakuwapo siku zote. Katika kila mtaa wa usharika wamo akina mama wanaozikumbuka nyimbo za kusaga, za kupalilia na za kubembeleza watoto, na wamo wazee wanaojua kila pigo la ngoma lilikuwa na kazi gani. Wengi wao ni washarika waaminifu, waliobatizwa utotoni, ambao hawajawahi kuulizwa na kanisa lao juu ya mambo hayo, na wengine wangali wakiogopa kuyataja. Kila mazishi yao huondoka na kurasa ambazo hazikuandikwa popote. Jubilei ya miaka mia moja ni wakati wa kufaa kwa vijana wa kwaya kwenda kwao na daftari na kinasa sauti, kuketi na kusikiliza, kama Amu alivyoketi na wazee wa Akropong, ili karne ya pili ya usharika imsifu Mungu pia kwa sauti alizowajalia mababu. Kwake yeye aliyeziumba sauti zote, utukufu una yeye sasa na hata milele.